Mwaka Uliokuwa na Ramadhani Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa meza. Nilipewa kiti cha kusukwa kwa kamba kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, cha nyumba moja ya Mkomani, mji wa Amu, nikaambiwa nisubiri. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini, nimetoka Mombasa kusomea hesabu za biashara, na mfukoni nilikuwa na kalamu mbili, moja ya wino mweusi na moja ya wino mwekundu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sitini, bendera ya Mwingereza ingali juu. Nilivaa viatu vya ngozi ambavyo kwa mawe ya vichochoro vya Mkomani havikunifaa hata kidogo, lakini nilitaka vilie nikitembea.

Aliyeniajiri alikuwa mwanamke. Bi Zaharia alikuwa mutawali, yaani msimamizi wa wakfu, na alizungumza nami akiwa nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu. Sauti yake ilikuwa ya chini lakini hakuhitaji kusema jambo mara mbili. Aliniambia niende nikaone mali yote ya wakfu wake, kisha nirudi nimwambie nimeona nini.

Nikaenda. Nilirudi jasho likinitiririka na karatasi yenye mistari iliyonyooka: maduka mawili Usita wa Mui, ambayo ndiyo barabara kuu ya mji, shamba la minazi nyuma ya mji, na gofu moja ubavuni mwa maduka, kuta za mawe zisizo na sakafu wala dari. Nikamsomea.

"Umehesabu zitu," akasema. "Na watu?"

"Watu gani, Bi?"

"Wanaokula kwa zitu hizo. Nenda tena, mwanangu. Kesho uniyie na hesabu ya watu."

Nilikasirika. Nilijiona mtu wa elimu anayechezewa na mwanamke wa ndani. Lakini kesho yake nilivua viatu, nikaenda msikitini nikahesabu watu. Ningekuwa na akili ningelishika somo hilo siku ile ile, nisingehitaji kulirudia miaka minne baadaye kwa aibu.

Wajukuu wanaosoma haya pengine hawajui wakfu huendeshwaje, basi nieleze. Mtu akiweka wakfu, husimamisha mali yake isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi. Mali yenyewe tunaiita asili. Inachozaa, kama kodi au nazi, ndiyo mazao. Asili hukaa, mazao hutoka kwenda kwa waliotajwa. Na hati ya wakfu huwa na sharti, maneno ya mwekaji mwenyewe, ambayo mutawali hana ruhusa ya kuyapinda. Wakfu wetu uliwekwa na bibi wa bibi yake Bi Zaharia. Mazao yake yalikuwa ya kuitengeneza mali kwanza, kisha kumlipa mwalimu wa chuo cha watoto, kisha kufuturisha watu msikitini kila usiku wa Ramadhani, na kinachobaki kigawiwe kizazi chake.

Sharti moja lilikuwa na historia. Bibi yule alipotaka usimamizi ubaki kwa mabinti, kaka zake walisema mwanamke hawezi kuchunga mali. Naye, ili kuwanyamazisha, akaandika kwa mkono wake: mwezi wa Ramadhani ukiingia na futari isiwepo kutokana na mazao ya wakfu, hata usiku mmoja, basi usimamizi uwatoke mabinti uende kwa mwanamume wa karibu katika ukoo, wala usirudi tena. Tangu hapo walikuwa wamepita mabinti watatu na hakuna usiku uliokosa. Bi Zaharia alikuwa wa nne. Mwanamume wa karibu katika zama zetu alikuwa binamu yake, Bwana Athmani, naye ndiye aliyekodi duka letu la vyakula. Kila Ramadhani ilipoingia alikuja msikitini mapema kuliko imamu, akafunua kifuniko cha sufuria, akatazama ndani, akaondoka.

Bi Zaharia hakuwahi kusoma kitabu cha uwekezaji, lakini alijua hatari inaingilia wapi. Hakukodisha maduka mawili kwa watu wa biashara moja: la kwanza la vyakula, la pili la nguo. "Wa nguo akilala, wa mtele huamka," alisema, akimaanisha muuza mchele. Mkataba wa duka ulikuwa wa mwaka mmoja tu, maana mpangaji akikaa miaka kumi bila kuandikiana, watoto wake huja wakadhani duka ni la baba yao. Na hakupokea kilemba, ile pesa nono ya mkupuo ambayo wapangaji hutoa ili wapate mkataba mrefu. Walikuja wengi na vilemba vyao. Aliwapa kahawa, wakaondoka navyo.

Na kodi alikuwa akiipokea mwezi wa Rajabu. Hilo nililiona mambo ya kale. Kwa nini Rajabu? Wapangaji wenyewe walinung'unika, kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi kuliko mwaka wa miladi, basi kwao kodi ilikuwa inakuja mbio. Mimi niliandika Rajabu kitabuni kwa wino mweusi, moyoni nikicheka.

Baada ya uhuru alikuja afisa kutoka ofisi kubwa ya Mombasa kukagua vitabu vya wakfu. Alikuwa mtu mwungwana, mwenye miwani na kikohozi. Akafungua kitabu changu, akasifu mwandiko, kisha akaweka kidole penye neno Rajabu.

"Bwana Shee," akaniambia, "serikali haijui Rajabu wala Mfungo Sita. Serikali inajua Januari mpaka Disemba. Niletee taarifa yako kwa utaratibu huo, basi."

Hakusema nibadilishe siku ya kodi. Nasema hivyo ili nisimtwike mtu mzigo wangu. Yeye alitaka taarifa tu. Kubadilisha kodi ilikuwa busara yangu mwenyewe. Nilimwendea Bi Zaharia nikamweleza kwamba tukiwahamisha wapangaji walipe kila Januari, vitabu vitakuwa safi, wapangaji watafurahi, na wakfu utaonekana wa kisasa.

"Na futari?" akauliza.

"Imo, Bi. Ramadhani ijayo inaingia Januari hiyo hiyo. Kodi inaingia, tunapika."

"Wewe ndiwe mwenye chuo," akasema, na chuo hapo alikusudia kitabu cha hesabu.

Bwana Athmani alifurahi kuliko wote. Alinipa kilo ya tende nikaikataa, kwa heshima ya kazi, ingawa zilikuwa tende nzuri.

Mwaka wa sitini na tano ukaingia, na mambo yakawa kama nilivyoyapanga. Mapema Januari wapangaji walilipa, na wiki hiyo hiyo mwezi ukaandama. Tulifuturisha mwezi mzima, mwalimu akalipwa, kizazi kikapata fungu lake, na bado pesa zikasalia. Ukutani juu ya meza yangu (wakati huo nilishapewa meza) nilitundika kalenda ya miladi yenye picha ya mlima, na kwenye Januari niliandika kwa wino mwekundu: Futari. Nikajiona bingwa.

Kosa langu mtu wa bara hangeweza kulifanya, maana yeye ana kalenda moja. Wala bibi zetu wasingelifanya. Nilikuwa na kalenda mbili kichwani, moja ya msikitini na moja ya mezani, na hazikuwahi kusalimiana. Nikiwa kwenye swafu ya sala nilijua fika mwezi ni wa ngapi. Nikikaa mezani, Ramadhani ilikuwa Januari, kwa sababu ndipo nilipoiandika.

Ilipofika Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, ambao mwaka ule uliangukia Julai, nilimpelekea Bi Zaharia wazo la pili. Lile gofu la ubavuni lilikuwa asili iliyolala, haizai kitu. Pesa zilizosalia zikitumika kulijenga, tungepata duka la tatu. Nilipiga hesabu ya mawe, chokaa, boriti za dari na ujira wa mafundi. Pesa zilipungua kidogo, nikamwendea mpangaji wa duka la nguo, akakubali kulipa kodi ya Januari mapema. Bi Zaharia aliniuliza tena juu ya futari. Nikamjibu, nami naikumbuka sauti yangu ilivyojaa uhakika, kwamba futari ni mambo ya mwaka ujao.

Mafundi wakaanza. Kuta zikainuka, boriti zikaja zikalazwa kando. Kila asubuhi nilipita kutazama, mikono nyuma kama mimi ndiye mwenye mji.

Siku moja mwishoni mwa Oktoba nilifika kwa Bi Zaharia nikamkuta fundi wa bati amekaa uani. Mbele yake yamepangwa masufuria makubwa ya shaba, yale ya futari, anayatia bati upya ndani ili chakula kisiharibike. Nikashangaa.

"Mbona mapema, Bi? Bado mpaka Januari."

Kwa mara ya kwanza alitoka nyuma ya mlango, ushungi umemfunika mpaka kidevuni, akanitazama kama atazamwavyo mtu aliye na homa.

"Mapema gani? Yeo ni Rajabu, mwanangu. Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Tangu Mfungo Mosi nahesabu. Wewe wahesabuye, kutokea wapi?"

Wazee wetu wa pwani hawahesabu miezi kutokea Januari wala Muharamu. Mwezi unaofuata Ramadhani ni Mfungo Mosi, kisha Mfungo Pili, Mfungo Tatu, mpaka Mfungo Tisa, kisha Rajabu na Shaabani. Mwaka mzima unahesabiwa kutokea pale ambapo watu walikula mara ya mwisho kwa pamoja. Nilijua majina hayo tangu utotoni, nikiyaimba, lakini sikuwahi kuona kwamba ni kalenda ya mutawali. Nilihesabu kwa vidole, nikarudia. Siku kumi na moja nyuma ya mapema Januari si Januari. Ni kabla ya Krismasi. Mwaka ule mmoja wa miladi ulikuwa na Ramadhani mbili, ya kwanza mlangoni na ya pili mwishoni, nami nilikuwa nimeitengea moja tu.

Nikamwambia yote hapo hapo, mbele ya fundi wa bati. Kwamba kodi inakuja Januari, mwezi ukiwa umeshaanza. Kwamba nazi za shamba zimeshauzwa na pesa zake ni kuta. Kwamba kodi ya duka la nguo nayo ni kuta.

Bi Zaharia alikaa juu ya kibao cha mbuzi, kile cha kukunia nazi. Hakunitukana, na ningependa angenitukana. Alisema tu, "Mabinti watatu." Kisha akasema, "Nalikuuliza futari, sikukuuliza mwezi gani. Hilo ni langu."

Tulikwenda kwa Kadhi. Nilishauri wakfu ukope, na Bi Zaharia akataka atoe bangili zake mwenyewe. Kadhi alikuwa mzee mwembamba aliyependa kufumba macho akisikiliza. Alituruhusu tumalize, kisha akaomba hati, akaisoma mpaka mwisho ingawa aliijua kwa moyo.

"Mkopo si mazao, Bi," akasema. "Na bangili zako ni sadaka yako, Mwenyezi Mungu akulipe, lakini nazo si mazao. Sharti linasema kutokana na mazao ya wakfu. Siwezi kulisoma vingine."

"Na boriti tukiziuza?" nikauliza.

"Zimeshaingia katika asili, mwanangu. Ukizitoa unakula mtaji."

Akafumbua macho. "Yapo mazao yoyote ambayo hamjayala?"

Yalikuwapo. Kodi ya duka la vyakula, ambayo ilikuwa haijafika wakati wake, nayo ilikuwa mikononi mwa Bwana Athmani. Mtu mmoja tu Amu nzima ndiye angeweza kumwokoa Bi Zaharia, na ndiye huyo huyo aliyesubiri aanguke.

Nilidhani atanituma mimi. Badala yake alivaa buibui lake, mchana kweupe, akashika njia ya Usita wa Mui kwa miguu yake, mimi nyuma hatua tano. Alikuwa hajaonekana sokoni tangu kuolewa. Watu waliacha mizani zao wakatazama. Mbele ya duka Bwana Athmani alikuwa anachekecha mchele kwenye ungo. Alimtambua kwa mwendo.

"Karibu, ndoo ndani, Bi Zaharia, ndoo. Kuna nini mui huu, mpaka wewe ukatoka?"

"Kuna kosa, Athmani. Nimekuya nikwambie mwenyewe kabla hujasikia kwa watu."

Akamweleza, bila kuficha hata lile la bangili. Hakunitaja. Bwana Athmani alisikiliza, akageuka kunitazama mimi niliyesimama kizingitini.

"Karani msomi," akasema, "kule Mombasa walikufundisha Ramadhani ni mwezi wa ngapi?" Wateja wawili wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Zaharia, wajua nikinyamaza tu, nikalipa Januari kama mkataba usemavyo, wakfu utaniyia wenyewe mkononi. Sihitaji hata kuinuka hapa."

"Najua. Ndipo nikaya kwako. Sharti ni lako kama lilivyo langu. Ukilitaka, lichukue, sitakulaumu. Ila uniambie yeo, usiku ule wa kwanza watu wafuturu nini? Maana ndaa ya tumbo haijui mimi ni mutawali au ni wewe."

Bwana Athmani alirudi kwenye ungo wake. Alichekecha muda mrefu, akatoa jiwe moja dogo, akalitupa nje. Nami nikisimama pale nilijua kwamba maisha ya mwanamke yule, na jina la mama zake watatu, yamo ndani ya ungo ule, na aliyeyatia humo ni mimi.

"Miaka yote nafunua sufuria," akasema mwishowe. "Wewe wadhani nafunua nipate kuona tupu. Labda mwanzo ilikuwa hivyo. Siku hizi nafunua kwa kuwa harufu yake yanikumbusha mama." Akajifuta mikono. "Kodi yangu nailipa Shaabani. Silipi pesa, nalipa mtele, tende, sukari na samli, kwa bei ya siku hiyo, wala sipunguzi wala siongezi. Kadhi aandike. Lakini nina sharti langu."

"Sema."

"Huyu karani apakue mwenyewe. Usiku wote, thelathini au ishirini na tisa. Asimtume mtu."

Kadhi alikubali. Kodi kulipwa kabla ya wakati kwa hiari ya mpangaji, bila kupunguziwa kwa ajili ya uharaka, haikuwa na riba ndani yake, na mazao ni mazao yakija kwa sarafu au kwa gunia.

Mwezi uliandama karibu na Krismasi. Jua lilipotua siku ya futari ya kwanza, nilikuwa nimesimama kwenye ua wa msikiti na upawa mkononi, mbele yangu sufuria la uji wa mchele wenye pilipili manga. Bwana Athmani alifika kabla ya imamu. Akafunua kifuniko, akatazama, akarudishia. Alipogeuka niliona machoni mwake kitu ambacho sitakielezea zaidi ya kusema kwamba hakikuwa cha mtu aliyepata hasara.

Usiku wa kwanza uji uliniunguza mkono mpaka ngozi ikachubuka. Wakapita mbele yangu wachukuzi wa gatini, mabaharia wa kijiji cha Kizingitini waliokuja kuuza kamba wa baharini wakakawia, mafundi wangu wenyewe wa zile kuta, na vipofu wawili ndugu walioshikana mabega. Mchukuzi mmoja alipokea bakuli, akanitazama usoni. "Ndiwe uliyetaka tufuturu Januari?" Watu wote wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, machozi yakinitoka. Usiku wa nne alisimama langoni askari mmoja kijana kutoka bara, Mkristo, aliyekuwa zamu na mshahara wake umechelewa. Hakujua kama anaruhusiwa. Nikamuuliza Bi Zaharia kesho yake. Akaniambia nisome hati, haikuandikwa aliyefunga, imeandikwa mwenye njaa. Usiku wa tano nikamwita mwenyewe.

Ndipo nilipokamilisha ile hesabu ya watu niliyotumwa siku yangu ya kwanza. Niliijua kwa nyuso, na mpaka leo naikumbuka hivyo.

Baada ya Idd nilimpelekea Bi Zaharia kitabu, funguo na kalamu zangu mbili. Nilisema naacha kazi. Alivipokea, akavitazama, akanirudishia.

"Kosa lako nimelilipa mimi," akasema. "Nikufukuze, faida yake imwendee mwengine?"

Sijapata kusikia somo la uwekezaji lililonizidi hilo, na sijapata kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru yeye asubuhi ile. Nilibusu mkono wake. Tukarudisha kodi Rajabu. Wapangaji wakanung'unika, wa kwanza kunung'unika Bwana Athmani. Taarifa ya Januari mpaka Disemba niliendelea kuipeleka Mombasa kama afisa alivyotaka, lakini kitabu cha nyumbani kilianza Mfungo Mosi, na fungu la kwanza kutengwa lilikuwa la futari ijayo, kabla ya mwalimu, kabla ya kizazi, kabla ya ujira wangu.

Duka la tatu liliezekwa mwaka uliofuata, likapata mpangaji, na mpaka leo linazaa. Halikuwa wazo baya. Lilijengwa kwa pesa za watu wengine, ndilo lililokuwa kosa.

Bado palikuwa na jambo moja lililonisumbua. Nazi za shamba letu ziliuzwa kwa kufuata mwaka wa miladi, na wateja wa nazi hawajui Rajabu. Nilipiga hesabu nikaona kwamba kila baada ya miaka thelathini na miwili au mitatu mwaka wenye Ramadhani mbili utarudi, na mazao ya mwaka mmoja yatatakiwa kulisha mara mbili. Nilitaka tuweke akiba ya sarafu sandukuni. Bi Zaharia akakataa. Alisema pesa huoza upesi kuliko samaki, sarafu itakayonunua gunia leo haitanunua kibaba wakati huo. Tukapanda minazi. Safu nzima upande wa kisima, tukaandika hatini kwa idhini ya Kadhi: mazao ya safu hii yasaidie matengenezo miaka yote, isipokuwa mwaka wenye Ramadhani mbili, ambapo yote ni futari. Miche aliileta Bwana Athmani kwa mkokoteni wa punda, akadai ni kwa sababu imemjazia ua.

Kadhi alinichukua baadaye ofisini kwake niangalie vitabu vya wakfu nyingine za miji ya jirani, Pate, Siu na Faza. Nilikaa Mombasa pia, miaka sita, chini ya wakubwa wenye mashine za kujumlisha. Nilikutana na mawazo makubwa: mabanda ya kukodisha, hisa, majumba ya ghorofa. Mengine yalikuwa mazuri. Kila mara mkubwa alipomaliza kunieleza faida nilimuuliza nani anakula kwa mali hiyo, na lini. Wengine waliniona mshamba. Nilirudi Amu kwa hiari yangu, nikaendelea na wakfu wa Bi Zaharia hata baada ya yeye kufariki na usimamizi kwenda kwa binti yake, wa tano.

Mwaka wa tisini na saba Ramadhani iliingia Januari, na mwishoni mwa Disemba mwezi ukaandama tena. Minazi ya safu ya kisima ilikuwa imekwisha kukomaa zamani, tukauza, tukapika. Hakuna aliyejua kama mwaka ule ulikuwa na hatari yoyote. Mimi peke yangu nilisimama uani na upawa, mzee wa miaka hamsini na kitu, nikitafuta kwenye mstari uso wa Bwana Athmani, ingawa nilimzika mwenyewe. Mwaka uliofuata nikastaafu.

Sasa mutawali ni Rukia, mjukuu wa Bi Zaharia, binti wa sita. Ana kompyuta inayomwonyesha kalenda zote mbili kando kwa kando, nami namwonea wivu kidogo. Mwezi uliopita alinichukua kwa punda mpaka shambani. Tulihesabu minazi ya safu ile. Minne ilikuwa imezeeka, akaonyesha wapi atapanda mingine. Akaniambia bila kuangalia popote: "Babu, ni elfu mbili na thelathini." Nikamwambia najua.

Nakaribia miaka themanini na mitano, na sijiahidi kitu. Mkono wangu wa kulia bado una alama ya uji wa usiku ule wa kwanza, na nikiutazama namwombea dua mwanamke aliyenirudishia kalamu zangu, na mwanamume aliyechekecha mchele mpaka akatoa jiwe. Kama sitakuwapo mwezi utakapoandama mara ya pili mwaka huo, nina ombi moja kwa atakayeshika upawa. Mstarini atakuwapo mtu ambaye leo hata hajajua kutembea, na mwingine mgeni asiyejua kama anaruhusiwa kuingia. Usiwaulize kitu. Waambie tu wapokee bakuli kwa mikono miwili, uji ni moto.